Mmea wa buibui: Uweke nyumbani, lakini usifunge dirisha

Ukipita kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, mahali wauza miche wanapopanga bidhaa zao, hutakosa kuona mmea mmoja mdogo wenye majani membamba marefu, ya kijani kibichi na mstari mweupe, yaliyoinama pande zote kama nywele zilizotimka. Katikati ya majani hayo hutoka vijitawi virefu vinavyoning'inia, na kwenye ncha zake huota vitoto vya mmea, kila kimoja na majani yake na vijizizi vyake, mithili ya buibui aliyejishusha kwa uzi. Ndiyo sababu umeitwa mmea wa buibui. Wataalamu wa mimea huuita Chlorophytum comosum.

Jina hili lisikuchanganye. Waingereza hutumia jina hilo hilo kwa mboga ya mgagani, ile ambayo Wakisii huiita chinsaga na Wajaluo huiita dek. Hiyo ni mboga ya kuliwa, na ni nzuri sana kwa mwili. Huu tunaouzungumzia leo ni pambo la nyumba wala hauhusiani nayo.

Wengi hudhani mmea huu umetoka ng'ambo. La hasha. Ni wa Afrika hii yetu. Humea wenyewe katika sehemu za joto za bara hili na kusini mwake, aghalabu kwenye kivuli cha miti mikubwa. Mswidi Carl Peter Thunberg ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka wa 1794. Wazungu wakaupenda, wakautia katika vyungu vya madirishani, na sasa unaturudia kana kwamba ni mgeni.

Hata hivyo, sikuchukua kalamu leo ili kueleza asili ya mimea. Jambo lililonisukuma ni maneno ambayo wauzaji huyaambatanisha na mmea huu, kwamba ukiuweka chumbani utasafisha hewa yote, uondoe moshi, uponye pumu na kuzuia kikohozi cha watoto. Maneno haya yameingia hata katika chumba changu cha kuwaonea wagonjwa. Mama mmoja mkazi wa mtaa wa mashariki mwa jiji aliniletea mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akikohoa na kutoa sauti ya filimbi kifuani kwa wiki tatu. Nilipomwuliza kuhusu nyumba yake, alinieleza kwamba wanaishi katika chumba kimoja, wanapikia humo humo kwa jiko la makaa, na dirisha hulifunga kwa sababu ya baridi. "Lakini, daktari, hewa yetu ni safi," akasema. "Nimenunua miti mitatu ya kusafisha hewa."

Mama huyo hakuwa mjinga. Aliambiwa jambo ambalo lina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayofaa kuelezwa vizuri.

Ukweli ni upi?

Mwaka wa 1984, wanasayansi waliofanya kazi na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, wakiongozwa na Bill Wolverton, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa mimea kadhaa ya nyumbani, ukiwemo huu wa buibui. Shirika hilo lilitaka kujua jinsi ya kusafisha hewa ndani ya vyombo vya angani, ambamo hakuna dirisha la kufungua. Waliweka mimea ndani ya masanduku madogo yaliyozibwa kabisa, wakaingiza gesi ya fomaldehaidi, ile inayotoka katika gundi na mbao za kubandikwa, kisha wakapima. Gesi ile ilipungua. Mwaka wa 1989 wakatoa ripoti nyingine kubwa zaidi, na tangu hapo habari ikaenea ulimwengu mzima kwamba mimea husafisha hewa ya nyumba.

Lakini, msomaji, nyumba yako si sanduku lililozibwa. Hewa huingia kupitia nyufa za mlango, chini ya mabati na kwenye dirisha. Moshi na harufu za sumu nazo huendelea kutoka saa zote. Haziingizwi mara moja halafu basi. Mwaka wa 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani, Cummings na Waring, waliyakusanya majaribio yote ya namna hii waliyoweza kuyapata na kuyapigia hesabu upya. Walikuta kwamba ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe katika jengo la kawaida, ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya sakafu.

Hebu tupige hesabu ya kwetu. Chumba cha futi 10 kwa futi 10, ambacho ndicho makao ya familia nyingi za mijini, kina takriban mita 9 za mraba. Kwa hesabu ya chini kabisa ungehitaji vyungu 90. Watu watalala wapi? Kufungua dirisha kwa upana wa kiganja kunashinda shamba hilo lote, na hakugharimu hata senti.

Kuna pia wanaoogopa kinyume chake. Wao hutoa mimea yote chumbani jioni wakisema kwamba usiku mmea huvuta oksijeni na unaweza kumnyima pumzi mtu aliyelala. Ni kweli kwamba usiku mmea hupumua kama viumbe wengine. Lakini kiasi unachotumia ni kidogo mno. Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban lita 15 za oksijeni kwa saa moja. Ikiwa hauogopi kulala chumba kimoja na mumeo au nduguyo, huna sababu ya kuogopa chungu cha majani.

Jiko chumbani

Hapa ndipo imani ya mmea kusafisha hewa inapoweza kuua. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, baridi inapozidi Nairobi, Nyeri, Limuru na kwingineko nyanda za juu, watu huingiza jiko la makaa chumbani ili kupata joto. Wengi husubiri kwanza makaa yashike vizuri na moshi uishe, wakidhani hatari imekwisha. Wamekosea. Makaa mekundu yasiyotoa moshi wowote bado hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia katika damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo oksijeni hukosa mahali pa kukaa. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha mwili hulegea. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizokutwa hivyo asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani.

Hakuna mmea utakaokuokoa. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama limebakiza makaa mawili. Iwapo ni lazima kupikia ndani, dirisha na mlango viwe wazi wakati wote wa kupika, na si mwishoni tu.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua kila kitu, mtoe nje kwenye hewa, kisha mkimbize hospitalini hata kama amezinduka. Anapovuta hewa ya kawaida, sumu iliyomo katika damu huchukua muda wa saa 4 hadi 6 kupungua kwa nusu tu. Anapowekwa oksijeni hospitalini, muda huo huweza kushuka hadi saa moja na nusu hivi. Wapo wanaomnywesha mgonjwa maziwa. Maziwa hayaiondoi sumu hii, na mtu ambaye hajapata fahamu vizuri anaweza kusakamwa nayo yakaingia mapafuni.

Hata pasipo na kifo cha ghafla, moshi wa kila siku huumiza. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo takriban milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka wa 2020. Watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaopatwa zaidi na nimonia kwa sababu hiyo. Yule mtoto niliyemtaja alipewa dawa, lakini dawa kubwa ilikuwa kulihamishia jiko barazani na kulala dirisha likiwa wazi kidogo. Mimea mitatu ilibaki. Sikuwa na ugomvi nayo.

Jinsi ya kuutunza

Kwa sababu mmea huu si mgumu kutunza, nauona unafaa sana kwa mkazi wa mjini asiye na shamba. Uweke karibu na dirisha mahali penye mwanga, lakini jua kali lisiupige moja kwa moja. Dirisha linaloelekea mashariki ni bora, kwani jua la asubuhi ni la upole. Jua la alasiri linalopenya kwenye kioo cha magharibi huunguza majani. Gizani hautakufa upesi, ila utapauka na kupoteza mistari yake.

Udongo uwe ule unaopitisha maji. Wakazi wa Embakasi na sehemu nyingine zenye udongo mweusi wa mfinyanzi wasiutumie wenyewe tu, kwani hushika maji na kuozesha mizizi. Changanya udongo mwekundu, mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Chungu kinaweza kuwa hata mkebe wa Kimbo, alimradi umetobolewa chini kwa msumari. Usitumie kamwe mkebe uliokuwa na dawa ya kuua wadudu wa shambani.

Ukiung'oa utaona mizizi minene myeupe, kama vihogo vidogo. Hiyo ni ghala ya maji. Kwa hivyo ukisafiri kwenda mashambani kwa wiki moja utaukuta hai. Kosa la wengi ni kuumwagilia kila siku kama kwamba ni sukumawiki. Tia kidole katika udongo. Ukikuta pamekauka hadi kiungo cha kwanza cha kidole, mwagilia. Pakiwa na unyevu, acha. Udongo ulioloweka wakati wote huota ukungu, na vumbi la ukungu ni adui mkubwa wa mwenye pumu. Majani nayo yapanguswe kwa kitambaa chenye maji kila wiki, kwa maana hukusanya vumbi kama meza. Wadudu weupe mfano wa pamba wakiingia, wapanguse kwa maji ya sabuni. Kunyunyiza dawa za shambani ndani ya chumba wanamolala watu ni hatari kubwa kuliko wadudu wenyewe.

Ncha za majani na meno ya watoto

Lalamiko la kawaida kuhusu mmea huu ni ncha za majani kukauka na kuwa za kahawia. Sababu ni nyingi: ukavu wa hewa, mbolea iliyozidi, chumvi katika udongo, kusahau kuumwagilia. Lakini mojawapo ni maji yenyewe. Mmea wa buibui hauvumilii madini ya floridi. Huyafyonza kupitia mizizi, yakapanda hadi nchani, na huko yakakusanyika na kuua jani.

Hapo mimi kama daktari huinua sikio. Visima vingi vya kuchimbwa kwa mashine jijini Nairobi, na maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa kama Nakuru, yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Na siku hizi, kwa vile maji ya mfereji hayatoshi, mitaa na majumba mengi ya ghorofa hutegemea visima hivyo. Mtoto anayekunywa maji ya namna hiyo wakati meno yake ya ukubwani yanapoundwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi, huota meno yenye madoa meupe kama chaki au ya kahawia. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki, hata ukisugua kwa mkaa. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa.

Sisemi kwamba ncha za majani zikikauka basi maji yako ni mabaya. Jani si maabara. Ninachosema ni kwamba, ikiwa mnakunywa maji ya kisima na mna watoto wadogo, mwulizeni mwenye nyumba au msimamizi wa kisima matokeo ya kupima maji. Mkiwa wapangaji wengi mnaweza kuchanga na kuyapeleka maji kwenye maabara ya maji wenyewe.

Jambo moja linawapotosha watu wengi: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Kwa hakika, maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floridi inayobaki huzidi kukolea. Kuyaacha maji wazi usiku kucha huondoa klorini, na mmea utakushukuru, lakini floridi hubaki pale pale. Njia zinazosaidia ni maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, au vichujio maalumu. Kule Nakuru vimetumika kwa miaka mingi vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kisha kuna magadi, ambayo baadhi yetu huyatia katika mboga au githeri ili kuivisha haraka. Magadi ya Bonde la Ufa pia huwa na floridi. Mwenye watoto wadogo afadhali avumilie moto wa nusu saa zaidi.

Maji kwenye kisahani

Watu wa Mombasa, Malindi na mwambao wote wanisikilize hapa. Kisahani kinachowekwa chini ya chungu ili kukinga maji ni mahali panapopendwa na mbu aina ya Aedes. Mbu huyu hataki maji ya matope kama yule wa malaria. Hutaka maji safi yaliyotulia karibu na watu, na huuma mchana. Ndiye aenezaye homa ya dengue, ambayo ilizuka Mombasa mwaka wa 2013 na 2014, na chikungunya iliyowatesa wakazi wa mji huo kwa maumivu ya viungo mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Chandarua cha usiku pekee hakimzuii.

Kutoka yai hadi mbu mzima huchukua siku 7 hadi 10 hivi panapokuwa na joto. Kwa hivyo mwaga maji ya kisahani angalau mara moja kwa wiki, na ukisugue kwa brashi, kwa sababu mayai hugandamana ukingoni na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Wale wanaokuza vitoto vya mmea katika gilasi ya maji dirishani nao wabadilishe maji hayo mara mbili kwa wiki.

Mtoto akitafuna

Mmea wa buibui hauna sumu. Mtoto anayetambaa akitafuna jani, au paka akifanya hivyo (na paka huupenda sana), kwa kawaida halitokei jambo zaidi ya kutapika kidogo. Sivyo ilivyo kwa mmea mwingine ulio maarufu katika maofisi na sebule zetu, unaoitwa Dieffenbachia, wenye majani mapana yenye mabaka meupe na shina nene lenye vifundo kama mua. Huo una vijisindano visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchoma mdomo na kufanya ulimi uvimbe. Mtoto akiutafuna, mtoe mabaki mdomoni, msuuze kwa maji, mpe maji baridi au maziwa anywe kidogo kidogo ikiwa anaweza kumeza. Usimlazimishe kutapika. Akianza kutokwa na mate asiyoweza kuyameza, sauti ikibadilika au pumzi ikiwa ngumu, nenda hospitalini mara moja. Mwenye mtoto mdogo na nafasi ya chungu kimoja tu, achague wa buibui.

Baada ya mwaka mmoja au miwili mizizi itajaa chungu hadi maji yashindwe kupenya. Ung'oe, ugawanye kwa mikono sehemu mbili au tatu, na uzipande upya. Kama mikono yako ina mikwaruzo, vaa glavu au hata mfuko wa nailoni, kwa kuwa vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na watu wazima wengi hawakumbuki walichanjwa lini. Vile vitoto vinavyoning'inia havihitaji hata kazi hiyo: kibandike kimoja juu ya udongo wa mkebe mwingine kikiwa bado kwenye kijitawi cha mamaye, kimwagilie, na baada ya wiki mbili au tatu kikishika, kata kijitawi. Mmea mmoja unaweza kukupa vya kutosha kuwagawia majirani wote wa ploti.